UZI: Sanamu ndani ya shamba la mizabibu, Château La Coste kule Provence, na kwa nini Dodoma tunaliweza hili

BintiMpunguzi

Wakuu habari za jioni. Kuna shamba la mizabibu kusini mwa Ufaransa linaitwa Château La Coste, liko kaskazini ya mji wa Aix-en-Provence karibu na kijiji cha Le Puy-Sainte-Réparade, ukitokea Marseille unapita Aix halafu unaendelea mbele kuelekea milima ya Luberon. Ukubwa wake kama hekta 200 hivi ukijumlisha mizabibu, msitu na vilima. Wanalima, wanavuna, wanakamua mvinyo, trekta linapita kama kawaida, ila humo humo kwenye vilima na pembezoni mwa mistari ya mizabibu kuna sanamu na majengo ya watu ambao kwenye fani ya sanaa ndo wenyewe. Mimi nimezaliwa Dodoma kwenye zabibu na sasa naishi huku kusini mwa Ufaransa, na kila nikizunguka pale akili inakwenda Mpunguzi, Hombolo, Makutupora. Naamini kabisa kitu hiki kwetu kinawezekana ila inabidi kwanza tuelewe kinafanyaje kazi, maana watu wengi wakisikia maonyesho ya sanamu shambani wanawaza mtu kabeba sanamu zake kazipanga kwenye nyasi basi imeisha.

Historia kwa ufupi. Mwaka 2002 mfanyabiashara mmoja wa Ireland, Patrick McKillen, alilinunua shamba hili, akaanza kualika wachongaji na wasanifu majengo. Utaratibu ndo uliniteka mimi: msanii anakuja, anatembea shamba zima, anachagua mwenyewe sehemu inayomgusa, halafu kazi inajengwa pale pale kwa ajili ya ile sehemu. Mwaka 2011 wakafungua kwa wananchi wote. Sasa hivi kuna njia ya kutembea kwa miguu, ukiifuata taratibu bila haraka inakula kama saa mbili, inapanda msituni inashuka kwenye mizabibu inazunguka inarudi.

Ukifika unakutana kwanza na jengo la mapokezi la Tadao Ando, Mjapani, zege tupu na vioo, na mbele yake bwawa la maji yenye kina kifupi sana. Juu ya maji yale amekaa buibui mkubwa wa Louise Bourgeois, Crouching Spider, wa mwaka 2003. Watu wote wanampiga picha huyu. Bourgeois alizaliwa Paris mwaka 1911 na wazazi wake walikuwa na kazi ya kukarabati mazulia ya ukutani, na yeye mwenyewe alieleza kwamba buibui ni mama yake, mfumaji, mvumilivu, mwenye kulinda. Ukishajua hilo humuogopi tena yule buibui, unamwangalia miguu yake mirefu inavyoshika maji unamuona mama aliyeinama anafanya kazi.

Lakini niseme ukweli wangu, buibui sio kazi bora ya pale. Ni nzuri mno, ila ingekaa popote ingekuwa vile vile. Kuna shamba lingine la mizabibu Marekani, Donum kule Sonoma, California, nalo lina sanamu nyingi za nje, na lina Crouching Spider wake vile vile, kwa sababu sanamu za kumimina chuma hutolewa nakala kadhaa. Kwa hiyo buibui ni mgeni mheshimiwa, akialikwa anakuja, akialikwa kwingine anakwenda. Zinazonifanya nirudi La Coste ni zile ambazo ukizing'oa pale zinakufa.

Mfano Andy Goldsworthy, Mwingereza. Kazi yake inaitwa Oak Room, ya 2009. Ukiwa nje huoni kitu zaidi ya ukuta wa mawe na mlango mdogo, unainama unaingia ardhini, giza, unasubiri macho yazoee, halafu unaanza kuona magogo ya mwaloni yamepishanishwa yakashikana yenyewe kwa yenyewe mpaka yakawa chumba chenye umbo la kiota. Harufu ya mbao na udongo. Ukitoka nje jua la Provence linakupiga usoni na mizabibu unaiona upya kabisa. Sasa hiyo utaihamishaje? Chumba ni kilima chenyewe.

Au Richard Serra, ameweka mabamba ya chuma kwenye mteremko mwaka 2008, yamezama ardhini, sehemu inayoonekana ni ile inayobaki pale ardhi inaposhuka. Yaani chuma kinabaki kimenyooka halafu ardhi ndo inaondoka, kwa hiyo ukitembea pembeni yake unajua kabisa kilima kinashuka kiasi gani, kitu ambacho mkulima anakijua kwa miguu yake kila siku, maji ya mvua yanakwenda wapi, udongo unakimbilia wapi. Kile chuma ni aina inayoitwa koteni, kinapata kutu ya juu halafu kutu yenyewe ndo inakuwa ngozi ya kulinda cha ndani, hakiliwi kama bati zetu.

Na ile inayonigusa kuliko zote ni ya Ai Weiwei, Mchina, 2017, inaitwa Ruyi Path. Ni njia ya mawe tu, inapanda msituni. Mawe yenyewe yalikuwa yametandikwa bandari ya Marseille, yakang'olewa wakati wa ukarabati, yeye akayachukua akatandika upya hapa. Fikirieni nani alikanyaga mawe yale. Makuli, mabaharia, wanajeshi, wahamiaji wa kila kabila wanashuka melini hawajui watalala wapi. Marseille ina Wangazija wengi sana, ukipita mitaa fulani unasikia lugha ambayo sisi wa Kiswahili tunaokota maneno njiani. Sasa unapanda kilima juu ya mawe hayo hayo, pembeni mti wa mwaloni, chini mizabibu, na hakuna mtu aliyekuandikia bango kubwa la kukueleza uhuzunike. Unatembea tu. Mimi naona hapo sanaa imefika.

Naendelea chini, kuna kazi nyingine na mambo ya Dodoma.

Mtaa_wa_Saba

Dada nimesoma yote. Lakini tuambiane ukweli, hiyo ni hela ya tajiri. Mtu ana hekta 200 Ufaransa anaweza kumwita hata nani. Mkulima wa Dodoma anahangaika zabibu zinaozea shambani bei ya mnunuzi ikianguka, leo umwambie habari za sanamu? Sikukatishi tamaa ila naomba uanzie hapo.

BintiMpunguzi

Kaka hoja yako ni nzito na siikimbii. Ni kweli kabisa, bila fedha za McKillen hakuna Ando wala msanifu majengo Jean Nouvel. Ila angalia Italia, Chianti, kuna shamba linaitwa Castello di Ama. Wao walianza mwaka 2000 kwa utaratibu wa kumwalika msanii, aje akae, aangalie mahali, atengeneze kitu kimoja cha pale pale. Wa kwanza alikuwa Michelangelo Pistoletto. Baada yake wakaendelea hivyo hivyo, kimoja kimoja, baadaye na mwana wa Afrika Pascale Marthine Tayou wa Cameroon akaingia. Hawakujenga kumi kwa siku moja. Shamba liliendelea kuwa shamba, sanaa ikaongezeka kama unavyoongeza mistari ya mizabibu.

Na kuhusu zabibu kuozea shambani, mimi baba yangu amelima, ninajua ile hali ya kuangalia zabibu imeiva na gari la mnunuzi halitokei. Tatizo la mkulima wetu ni kwamba ana njia moja tu ya kupata hela, kilo kwenda kiwandani. Siku kiwanda kimeshiba hana pa kwenda. Mgeni akija shambani kwa miguu yake, akalipa kiingilio, akala zabibu mbichi, akanunua juisi, zabibu kavu, chupa ya mvinyo, hiyo ni njia ya pili ambayo haimtegemei mnunuzi mmoja. Sisemi itamaliza tatizo la soko. Ila mgeni lazima apewe sababu ya kutoka mjini kwenda Hombolo, na mizabibu peke yake kwa mtu wa Dodoma sio sababu, ameizoea.

MkulimaHombolo

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nipo kwenye zabibu miaka mingi na niulize maswali ya mkulima. Moja, huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, shamba halilali. Ukitoka kuvuna unapogoa, ukitoka kupogoa unapiga salfa kwa ajili ya ubwiri unga, halafu palizi, halafu ndege, halafu wezi wa zabibu usiku. Hao wageni wanapita saa ngapi? Mbili, nguzo na waya zetu zimebanana, mtu mwenye ekari mbili sanamu ataweka wapi? Akitoa mstari mmoja wa mizabibu amepoteza hela ya ada ya mtoto.

BintiMpunguzi

Shikamoo mzee wangu, na asante maana haya ndo maswali nilikuwa nayasubiri.

Kwanza pa kuweka. La Coste kazi nyingi haziko katikati ya mistari. Ziko kwenye vilima ambavyo havilimiki, kwenye ukingo wa msitu, kwenye kona ambazo trekta haligeuzi. Mstari wa mzabibu hauguswi. Na Dodoma hizo sehemu tunazo tele, wewe mwenyewe unajua kila shamba lina ile sehemu ya mawe makubwa ambayo jembe halipiti, babu zetu waliacha tu mibuyu na mawe vikae. Hapo ndo pa sanamu. Tena mawe ya Dodoma yale ya granaiti yanavyopangana juu kwa juu, msanii akifika atashindwa kulala.

Pili wageni na kazi za shamba. Kule wageni wanafuata njia moja iliyowekwa alama, hawatawanyiki. Siku za kupiga dawa kipande kile kinafungwa. Halafu hili la salfa ni la kitaalamu kabisa na wengi hawalifikirii: salfa inaunguza rangi ya shaba na bronzi, inazifanya nyeusi, na mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, inaacha madoa kwenye jiwe jeupe. Kwa hiyo sanamu ikae mbali na mahali dawa inapopeperuka, na upepo wa Dodoma unaujua mzee, ukivuma unabeba kila kitu.

Hilo la kuvuna mara mbili kwangu ni faida. Provence wanavuna mara moja, kuanzia Agosti na Septemba, halafu miezi ya baridi mizabibu inabaki vijiti vitupu, anayekuja Januari anaona sanamu na matawi makavu. Sisi mgeni wa Machi anakuta zabibu, mgeni wa Agosti au Septemba anakuta zabibu.

FundiMpingo

Wadau salaam. Mimi ni mchongaji, Mmakonde, nachonga mpingo toka utotoni. Nimevutiwa na uzi ila naomba nitoe angalizo mapema kabla watu hawajaanza kuagiza vinyago vya kupeleka juani. Mpingo ni mti mgumu, mchwa hausumbui sana, lakini jua kali la mchana na baridi ya usiku vinaupasua. Sisi hata tukiwa tunachonga tunakaa kivulini, kazi ikiisha tunaipaka nta, na kama mti ulikatwa hivi karibuni ufa unakuja tu hata ufanyeje. Ukichukua ujamaa mzuri, ule wa watu wamebebana, ukaupeleka Dodoma nje mwaka mzima, utarudi unalia. Kingine mpingo mkubwa umekuwa adimu, wa kutengeneza kitu cha kimo cha mtu na zaidi ni wa kutafuta sana.

BintiMpunguzi

Fundi umesema kitu kikubwa mno. Hapo hapo ndo tofauti ya sanaa ya ndani na ya nje. Kule kila kazi imefikiriwa itakufa vipi. Ya Sean Scully, Wall of Light Cubed, ni matofali makubwa ya mawe yamepangwa rangi kwa rangi, mvua na jua haviibabaishi. Ya Goldsworthy ni mbao lakini kaificha ardhini, kivuli tupu, kama mnavyokaa nyinyi mkichonga. Alexander Calder, Mmarekani, kuna kazi yake Small Crinkly ya 1976, imesimama juu ya maji karibu na buibui, vipande vyake vya juu vinazunguka upepo ukija, na Provence kuna upepo unaitwa mistral ni balaa, kwa hiyo yule alipanga kazi ifanye urafiki na upepo badala ya kugombana nao. Sisi naomba mnishauri, ungefanyia nini nje Dodoma?

FundiMpingo

Ningechukua jiwe la pale pale. Granaiti ni ngumu sana kwa patasi zetu ila siku hizi kuna grinda na diski za almasi, vijana wa makaburi wanakata granaiti kila siku, tukikaa nao tutafundishana. Na si lazima ulichonge jiwe lote, unaweza kuchagua jiwe ambalo tayari lina umbo ukaongeza kidogo tu. Wamakonde tuna mtindo wa shetani, unaufuata mti ulivyopinda, unaangalia fundo liko wapi, tundu liko wapi, kiumbe kinatoka chenyewe. Jiwe nalo linataka macho hayo hayo. Upande wa mbao ningetumia mninga au mkongo kwa kitu cha kuezekwa juu. Na chuma chakavu kipo, ila kile chuma cha kutu inayojilinda sijawahi kukiona huku, cha kwetu kinaliwa mpaka ndani, utumie kinene au upige rangi ya kuzuia kutu kila mara.

BintiMpunguzi

Hili la mtindo wa shetani na jiwe, fundi, ndo aina ya kazi nilikuwa naisema pale juu, ambayo ukiing'oa inakufa. Umefika mwenyewe bila La Coste.

Na kwa wanaodhani Afrika Mashariki tunaanza sifuri kwenye sanamu za nje, hapana. Kampala pale katikati ya mji kuna sanamu ya uhuru ya mwaka 1962, mama aliyefungwa kamba akimwinua mtoto juu, imechongwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Mzee Elkana Ong'esa wa Kisii ambaye ni mtu wa mawe ya Tabaka, kazi yake ya ndege wa amani ipo makao makuu ya UNESCO huko huko Paris. Jiwe la Kisii ni laini, linachongwa hata kwa kisu, linakwenda na msasa na maji. Kwa hiyo wakati sisi tunashangaa vya Ufaransa, Ufaransa ina cha kwetu.

MwanaAmu

Assalamu alaykum. Nimewafuatia kwa makini. Mimi ni mtu wa Lamu na kwa dini yangu mvinyo simo, na sanamu za viumbe vyenye roho pia simo, na wako wengi Dodoma na Pwani wenye msimamo kama wangu. Sasa katika mipango yenu hii sisi tuko wapi? Au ni jambo la wengine?

BintiMpunguzi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nashukuru umeuliza kwa uwazi na nakujibu kwa heshima yote. Ukitazama vizuri kazi nilizotaja, nyingi hazina kiumbe. Serra ni mabamba. Scully ni mawe yaliyopangwa. Ai Weiwei ni njia ya kutembea. Kuna Mkorea Lee Ufan ana kazi pale inaitwa House of Air, ya 2014, chumba kidogo tu cha kutulia. Kuna Paul Matisse, mjukuu wa yule mchoraji Henri Matisse, ameweka kengele ya kutafakari, mgeni anaigonga mwenyewe halafu anasikiliza mlio unavyokwenda mpaka unaisha. Kwa hiyo sanaa ya nje haimlazimishi mtu kuchonga mtu wala mnyama.

Kuhusu mvinyo, zabibu ya Dodoma inaliwa, inakaushwa, inakamuliwa juisi, na mashamba yetu hayana dini moja. Familia ije ile zabibu itembee iondoke, pawe na sehemu ambayo hakuna chupa kabisa. Halafu nikuulize na wewe, mafundi wa milango ya Lamu mnaweza kufanya kitu cha kusimama nje?

MwanaAmu

Nimekuelewa na nimeridhika na jibu. Milango yetu husimama nje na jua la Pwani na chumvi ya bahari tangu enzi na enzi, tatizo liko wapi? Siri yake ni mti mzito na mafuta. Mvule, msaji, mfenesi, na mwenye mlango anaupaka mafuta kila baada ya muda, haachi ukauke. Nakshi ni maua, minyororo, mawimbi, hakuna kiumbe. Mimi naona mlango mmoja umesimama peke yake juu ya kilima Dodoma, hauna nyumba, fremu na mbao zake mbili wazi, ukipita ndani yake unaona mizabibu yote chini. Fundi wa Amu akija achonge nakshi ya majani ya mzabibu na vishada badala ya maua ya kwetu. Kazi kama hiyo hata mimi nitaleta watoto wangu waione.

MkulimaHombolo

Huo mlango nimeuona kabisa machoni. Na kilima ninacho.

Mtaa_wa_Saba

Mmenisogeza kidogo. Ila swali la hela halijajibiwa lote. Nani anakuja? Dodoma sio Aix-en-Provence, kule kuna watalii tayari, kuna mlima wa yule mchoraji Cézanne, kuna kila kitu.

BintiMpunguzi

Sawa. Aix ina mlima Sainte-Victoire ambao Cézanne aliuchora tena na tena, na watu wanakuja kwa ajili yake, ni kweli. Ila Dodoma ina michoro ya miambani ya Kondoa, iko mkoa huo huo, imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, michoro ya watu waliotangulia kabla ya wengi wetu kufika hapo. Watu wa mkoa wetu wamekuwa wakifanya sanaa ya nje juu ya mawe kwa muda mrefu kuliko historia tunayoijua majina. Mgeni wa Kondoa leo akitoka kule hana pa kupita, anarudi zake Arusha au Dar. Na treni ya SGR tangu 2024 inafika Dodoma kutoka Dar, mtu anaondoka asubuhi anafika mapema mchana. Kuna vyuo, kuna wizara, kuna mabalozi na wageni wa serikali wanaolala hotelini wikendi hawana pa kwenda. Hao tu ukipata wachache kila Jumamosi ni mwanzo wa kutosha.

Na gharama naomba tuzipange kwa akili. La Coste wana jumba la mvinyo la Jean Nouvel la 2008, maumbo mawili makubwa ya aluminiamu kama mapipa yaliyolazwa, zabibu zinaingia juu na mvinyo unashuka chini kwa uzito wake wenyewe bila kusukumwa na pampu. Wana banda la muziki la Frank Gehry ambalo lilijengwa London mwaka 2008 kwa ajili ya jumba la sanaa la Serpentine, baadaye likafunguliwa vipande likaletwa shambani. Wana banda la Renzo Piano, la Richard Rogers, mpaka Oscar Niemeyer wa Brazil. Mimi kusema kweli hapo nachoka kidogo, ukishapita majengo matano ya majina makubwa unaanza kuhesabu majina badala ya kuangalia. Hatuhitaji hayo hata moja.

Jengo pekee pale ambalo ningetamani tulisome ni dogo tu, nyumba ya Jean Prouvé, mbunifu Mfaransa. Mwishoni mwa vita vya pili vya dunia watu wa mkoa wa Lorraine walikuwa hawana makazi, akabuni kibanda cha mita sita kwa sita cha mbao na fremu ya chuma ambacho watu wachache wanakisimamisha kwa siku moja na kukifungua tena. Hicho ndo kinatufaa. Kivuli, meza, sehemu ya kuuzia juisi na zabibu kavu, na shamba likibadilika unakihamisha. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kabisa.

FundiMpingo

Dada mimi niko tayari kwenda Hombolo kuangalia mawe. Ila nataka tukubaliane, fundi alipwe. Tumezoea mtu anakuja anasema lete kazi yako tuonyeshe utajulikana, halafu kazi inabaki mvuani, hela hakuna, na sanamu ikivunjika hakuna wa kuuliza.

BintiMpunguzi

Nakubaliana nawe asilimia zote, na hili liandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuguswa. Msanii alipwe ujira wa kazi na gharama za vifaa, na iandikwe nani anaitunza, nani anapaka mafuta, nani anasafisha, kazi ikiharibika nani anaitengeneza. Kazi ikibaki ya msanii na shamba limekopeshwa, iandikwe. Ikinunuliwa na shamba, iandikwe. Na sehemu ya kiingilio impate mwenye kazi muda wote kazi ikiwa imesimama pale.

MkulimaHombolo

Na mimi niongeze la mkulima. Njia isipite kwenye mifereji ya matone, wageni watakanyaga mipira. Na mwenye ekari mbili asifanye peke yake, majirani wanne watano wenye mashamba yanayopakana waungane, njia moja iwapite wote, hapo hata ulinzi wa wezi tunagawana. Kwenye mashamba ya pamoja kama Chinangali ingekuwa rahisi zaidi maana tayari watu wamezoea kukaa kikao.

BintiMpunguzi

Mzee hapo umenifundisha, la majirani kuungana sikuwa nimelifikiria hivyo na ni bora kuliko la tajiri mmoja.

Basi tufanye hivi. Mzee naomba upite kwenye kile kilima chako na majirani, mwangalie sehemu ambazo jembe halipiti, mpime kwa hatua tu, mpige picha asubuhi na jioni tuone kivuli kinavyokwenda, mniambie maji ya mvua yanashukia upande gani. Fundi ukifika usichague jiwe siku ya kwanza, kaa utembee kama wale walivyotembea. Ndugu yangu wa Amu, niulizie fundi wa milango mti wa fremu ya kusimama nje peke yake unahitaji unene gani na unazikwa ardhini futi ngapi, maana upepo wa kule hauna ukuta wa kuuzuia. Mimi huku nitaandika kwa watu wa La Coste na Castello di Ama niwaombe mfano wa mikataba yao na wasanii, nitaitafsiri niiweke humu humu mtu yeyote aisome.

MwanaAmu

Fundi nimeshamuuliza, ni ami yangu. Kasema kwa mlango wa futi nane asizikwe mti ardhini kabisa, mchwa wa bara atamaliza kazi. Mimineni zege, muweke vyuma vya kushika fremu, mti ubaki juu ya ardhi kiasi cha kiganja. Na anauliza nakshi ya mzabibu atumiwe picha za majani ya Dodoma yenyewe, hataki ya kwenye simu.

MkulimaHombolo

Mwambie ami nitamtumia majani yenyewe, nitayakandamiza kwenye gazeti, na kishada kimoja nitakipiga picha pande zote.